Unalipa Ubebe Mzigo?

Kila Julai, nikianza kutoa begi la mgongoni kabatini, mama yangu husimama mlangoni na kuuliza swali lile lile.

"Mwanangu, babu yangu alibebeshwa mizigo kwa nguvu mpaka akafia huko. Wewe unalipa pesa yako ubebe?"

Miaka yote nilikuwa nacheka. Mwaka jana sikucheka. Makala hii ni jibu langu kwake, na pia kwenu mliotutumia meseji baada ya kile kipindi cha hobi, maana nusu ya meseji zenu ziliuliza jambo hilo hilo kwa maneno mengine: dada, haya mambo ni ya nini?

Kwanza nieleze mambo yenyewe kwa ambao hawakusikiliza. Mimi ni mfamasia, naishi Columbus, Ohio. Kila mwaka nachukua likizo ya siku kumi, naendesha gari kama saa nne kuelekea mashariki mpaka Seven Springs, hoteli ya milimani Pennsylvania ambako watu huenda kuteleza kwenye theluji. Wakati wa joto theluji hakuna, na hoteli inajaa wachezaji wa michezo ya mezani waliokuja kwenye World Boardgaming Championships. Kuna mashindano zaidi ya mia moja ndani ya siku chache. Ukishinda hupewi pesa, unapewa kibao cha mbao cha kutundika ukutani, na watu wazima wanakitolea jasho kweli kweli.

Mimi naenda kwa ajili ya michezo ya vita. Mezani kuna ramani kubwa, juu yake vipande vidogo vya karatasi ngumu ambavyo ndiyo majeshi, kuna karata, kuna dadu, na kitabu cha sheria ambacho ukikisoma kitandani unalala kabla ya ukurasa wa tatu. Mchezo mmoja unaweza kula saa sita. Na kabla mashindano hayajaanza, natembea siku mbili kwenye njia ya Laurel Highlands, ambayo ina urefu wa kilomita 112 kutoka Ohiopyle mpaka karibu na Johnstown, na inapita hapo hapo Seven Springs. Kila maili kuna nguzo yenye namba. Unazihesabu kama mtu anayehesabu siku za mwisho za Ramadhani.

Vitu hivi viwili vimeshikana kuliko unavyodhani. Mgongo ule wa mlima ndio jeshi la Jenerali Forbes lilivuka mwaka 1758, likikata barabara msituni kwenda kuwatoa Wafaransa mahali ambapo leo ni Pittsburgh. Upo mchezo unaitwa Wilderness War kuhusu vita hivyo. Mezani unasogeza kipande cha Forbes kuvuka mlima kwa sekunde mbili. Ukiwa juzi yake umeupanda mlima huo kwa miguu na magoti bado yanalia, unasogeza kipande kile kwa adabu kidogo.

Haya, tuje kwenye lawama. Nazijua zote, nimeambiwa mezani kwetu, kwenye harusi za watu na kwenye kundi la WhatsApp la familia.

Ya kwanza: hayo ni mambo ya wazungu. Hii sitaipa muda mrefu. Mtu yeyote aliyewaona wazee wa kwetu kwenye bao anajua kwamba kukaa saa nne kupanga namna ya kumfilisi mwenzako hatukufundishwa na mtu. Na kupanda milima? Bibi yangu wa Lushoto alipanda na kushuka Usambara kila siku ya gulio, mboga kichwani, mtoto mgongoni. Hakuwa na viatu maalumu, na hakuita hobi. Aliita kwenda sokoni.

Ya pili: mwanamke wa miaka thelathini na nne, hajaolewa, anakwenda kushinda na wazee wa kizungu ukumbini, halafu anatembea peke yake porini. Hapa mama ana hoja, na sitajifanya shujaa. Kwenye zile njia, kuna siku naweza kutembea mchana mzima nisimwone mtu mweusi hata mmoja. Dubu wapo, nyoka wenye njuga wapo, lakini kinachomkosesha mama usingizi ni binadamu. Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu, nitausema mbele.

Ya tatu ndiyo nzito: haya ni mambo ya mtu asiye na majukumu. Mtu mwenye watu nyuma yake hana muda wa kucheza. Hii ndiyo iliyonifanya niandike, kwa sababu kuna siku ilionekana kuwa kweli.

Lakini nianze mwaka mmoja kabla ya siku hiyo.

Ilikuwa Jumamosi usiku, mashindano yangu yameisha, nimetolewa mapema tu. Mstaafu mmoja, mzungu wa miaka sabini na kitu, tuliyezoeana kwa kukutana kila mwaka, akaniita mezani. Ana mchezo wa zamani, anatafuta mtu wa kucheza naye. Akafungua ramani. Nikaona Tanga.

Jamani, sijui niwaelezeje. Umekaa kwenye ukumbi wa hoteli Pennsylvania, saa nne usiku, na mbele yako kuna Tanga, Korogwe, Moshi, Tabora, Rufiji, Mahenge. Ulikuwa mchezo wa Vita Kuu ya Kwanza Afrika Mashariki. Nikamwambia, "Mama yangu anatoka hapa," nikaweka kidole. Mzee alifurahi kama mtoto. Alijua kila kitu kuhusu mapigano ya Tanga ya Novemba 1914: jinsi Waingereza walivyoshusha askari wapatao 8,000 kutoka India, jinsi Lettow-Vorbeck alivyowarudisha baharini akiwa na watu kama elfu moja tu, na wale nyuki waliowavamia watu vichakani. Miaka arobaini anaujua mji wa Tanga, na hajawahi kukutana na mtu wa Tanga. Aliniuliza Lushoto inatamkwaje. Nikamfundisha.

Akanipa upande wa Wajerumani, eti ndio wenye raha kuuchezesha, maana Lettow-Vorbeck hakukamatwa mpaka mwisho. Alisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918 kule Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia, wiki mbili baada ya vita kuisha Ulaya. Basi nikaanza kusogeza vikosi vyangu. Kutoka Usambara kushuka kusini, kuvuka, kuzunguka. Kila kikosi kinakula pointi moja ya ugavi, unatoa, unasogea.

Zamu ya pili nikasimama. Nikamuuliza, "Hii pointi moja anaibeba nani?"

Akaniangalia. Akafungua kitabu cha sheria, akatafuta, akapata mstari mmoja. Wapagazi hawana vipande vyao. Wamo ndani ya namba.

Tukachukua karatasi. Mimi kazi yangu ni vipimo, kwa hiyo nikapiga hesabu. Chukua mpagazi mmoja mwenye mzigo wa kilo 25 za chakula. Naye ni mtu, anakula. Mpe kilo moja kwa siku. Akienda mwendo wa siku kumi na kurudi siku kumi, amekula kilo 20 yeye mwenyewe. Amewafikishia askari kilo tano. Ukitaka kulisha kikosi kilicho mbali zaidi, unahitaji wapagazi wa kuwabebea wapagazi. Na hapo hujatia mvua, malaria, kuhara na mito. Tukaamua kwamba tangu hapo kila anayesogeza kikosi anatoa watu, na idadi tunaiandika pembeni.

Zamu ya tatu mzee akaweka kalamu chini. "Kwa sheria hii siwezi kwenda popote," akasema.

Nikamwambia, "Na wao hawakuweza. Walikwenda kwa kuwamaliza watu."

Hatukumaliza mchezo ule. Tulikaa tu, tukaangalia ile karatasi.

Wanaotajwa kufa upande wa Waingereza ni wapagazi wapatao 95,000, na wanahistoria wengi wanaona idadi hiyo ni ndogo kuliko ukweli. Wengi hawakupigwa risasi. Waliuawa na magonjwa, njaa na uchovu. Upande wa Wajerumani nako watu walichukuliwa, ng'ombe na nafaka vikachukuliwa, na Ugogo ikaingia kwenye njaa inayokumbukwa mpaka leo kwa jina la Mtunya. Jina la Kariakoo, pale unapomtuma binamu akununulie vitenge, limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Lakini sanamu iliyosimamishwa katikati ya Dar es Salaam mwaka 1927 ni ya askari ameshika bunduki. Aprili 2021 ndipo ile tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilipotoa ripoti na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Mmoja wao, kwa hesabu ya familia yetu, ni babu yake mama. Jina lake tunalo, na nitaliacha libaki letu. Kaburi hatuna. Nilikuwa nimesikia habari zake tangu mtoto, kama unavyosikia hadithi za wakubwa huku unatafuta rimoti. Usiku ule, mbele ya ramani ya karatasi, ndio mara ya kwanza nilitaka kujua alipita wapi.

Kesho yake nikampigia Mjomba, Tanga.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba mama, hujambo? Umetukumbuka leo!"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ah, huyo! Zipo habari zake. Walichukuliwa kundi zima, wakapitishwa Korogwe... Ngoja. Kuna mzee mmoja Soni anajua vizuri kunishinda. Nipe wiki moja nimuulize, halafu nipigie."

Nikasema nitapiga. Si unajua? Wiki ile nilikuwa na zamu za usiku. Halafu tukakosa watu kazini. Halafu Desemba ikafika na mambo yake. Halafu nikajiambia kwa nini nipige simu, nitakwenda mwenyewe, nitarekodi sauti yake vizuri, tutatengeneza kipindi kizima. Miezi kumi na moja ikapita hivyo.

Julai iliyofuata nilikuwa mlimani. Siku nzima hakuna mtandao. Jioni nilipotokea kwenye miteremko ya Seven Springs simu ikaanza kutetemeka mfululizo. Simu kumi na nne zilizokosa kujibiwa. Mjomba alifariki asubuhi ile, presha. Watu walikuwa wameshajaa nyumbani kwa mama, Columbus, mikeka imetandikwa, na mwanawe hayupo. Mama mdogo alisema mbele ya wageni, na nimeambiwa na zaidi ya mmoja: "Kaka wa mama yake kafa, yeye yuko porini anacheza."

Niliendesha usiku ule ule. Nilipoingia mama alinishika mkono, akaniketisha, hakusema neno. Na hilo ndilo linauma mpaka leo.

Kwa miezi kadhaa nilikubaliana na mama mdogo. Nikauza michezo miwili, begi nikalisukumia nyuma ya kabati. Nilijiona kama mtu aliyekamatwa anaiba. Lakini kadiri nilivyofikiri, hesabu haikukubali. Mchezo ulinila siku kumi kwa mwaka. Miezi kumi na moja nilikuwa hapa hapa, simu mkononi, mtandao umejaa, na sikumpigia Mjomba. Nilikuwa "na majukumu." Ile miezi ambayo hakuna aliyenilaumu ndiyo niliyompoteza Mjomba na habari zake. Siku kumi za lawama ndizo zilizonipeleka kwake.

Hiyo ndiyo hoja yangu, na nataka muipime. Sisi tuliokulia huku tumefundishwa kwamba muda wote ambao si kazi wala familia ni wizi. Wazazi wetu hawakukosea kutufundisha hivyo. Walifanya kazi mbili mbili, na pesa iliyobaki ilikuwa na jina la mtu tayari. Lakini tumeichukua amri ile bila sababu yake. Tunajinyima mlima, tunajinyima meza, halafu muda ule tuliookoa hatuupeleki nyumbani. Tunaulalia na simu usoni. Tuwe wakweli.

Na kuna jambo la pili. Michezo ile itachezwa tukiwepo au tusipokuwepo. Kuna watu wanaosema vita si jambo la kuchezea, na kuna usiku nakubaliana nao. Lakini Tanga iko kwenye meza za watu miaka yote hii, inasogezwa na watu wema kabisa, wasomaji wazuri, ambao hawajawahi kuulizwa nani alibeba. Yule mzee hakuficha kitu. Hakukuwa na mtu wa kumuuliza. Swali lile halikuhitaji shahada ya historia. Lilihitaji mtu ambaye mama yake husimama mlangoni kila Julai.

Mlima nao una kazi yake. Begi langu likiwa na maji na hema lina kilo 14, lina mikanda ya kiunoni iliyotengenezwa vizuri, nina viatu, nina dawa. Saa ya tatu ya kupanda kutoka mto wa Ohiopyle, mabega yanaanza kuwaka na akili inabaki na neno moja tu: tua. Nikichoka natua. Nakaa kwenye jiwe, nakula tende. Babu yake mama alikuwa na karibu mara mbili ya uzito huo, na wa kumruhusu kutua hakuwa yeye. Sisemi najua alichopitia. Nasema sasa najua ukubwa wa swali.

Basi mama, jibu langu ni hilo. Ndiyo, nalipa nibebe. Nalipa kwa sababu naweza kutua, na kila ninapotua namkumbuka yeye ambaye hakuweza. Kabla ya kuanza kwenda kule sikuwa namkumbuka.

Nimerudi msimu huu, kwa masharti. Mchango wa nyumbani natoa kwanza, kabla sijalipia chumba. Bajeti ya michezo na safari ni dola 1,200 kwa mwaka, ikiisha imeisha. Kuhusu mlimani, mdogo wangu ana ramani ya njia, nguzo ninazotegemea kufika kila saa chache, na namba ya hoteli. Nimenunua kifaa kidogo cha setilaiti kinachopeleka meseji pasipo na mtandao. Mama ananiandikia humo, "umekula?" na mimi namjibu juu ya mlima. Mama mdogo bado anaguna. Namsalimia, shikamoo, maisha yanaendelea.

Sisemi nyote mkacheze michezo ya vita. Meza yako inaweza kuwa chesi, kwaya, bustani, mpira wa Jumapili, kuvua samaki. Nenda. Ukiulizwa nani alikuruhusu, jibu kwa heshima na uende. Lakini usiende mtupu: ukikaa kwenye meza ambayo wenzako wanadhani haikuhusu, uliza swali ambalo wao hawana wa kuwauliza.

Na swali la nyumbani usiliwekee tarehe kama mimi. Yule mzee wa Soni nilimtafuta baada ya msiba. Sikumkuta hai. Ninachojua mpaka leo ni maneno ya Mjomba, "wakapitishwa Korogwe," na hapo sauti yake inakatika. Kama kwenu yupo mkubwa ambaye ana nusu ya habari ya namna hii, mpigie wiki hii. Rekodi, hata kwa simu mbovu, hata kuku wanawika nyuma. Ukitaka tutumie, tutaisikiliza pamoja. Usipotaka, baki nayo. Ila mpigie.